Mbwa na Mgonjwa katika Flush ya Virginia Woolf

Utangulizi

Mithali ya Waswahili yasema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mithali hiyo huupima urafiki wakati wa shida, nayo hunyamaza kuhusu wakati ule ambapo shida imekwisha. Mgonjwa aliyelala kitandani kwa miaka akipata afueni, akainuka, akatoka mlangoni, akapata na wengine wa kumfaa, yule aliyemfaa alipokuwa hajiwezi huwa nani kwake? Swali hilo ndilo kiini cha kitabu cha Virginia Woolf kiitwacho Flush, kilichotolewa mwaka 1933. Kwa umbo lake kitabu hicho ni wasifu, ila mwenye kusimuliwa maisha ni mbwa, na mwenye mbwa ni mshairi wa Kiingereza Elizabeth Barrett, aliyejulikana baadaye kwa jina la Elizabeth Barrett Browning.

Woolf alikianza kitabu hiki akitafuta mapumziko baada ya kazi nzito ya kuandika The Waves, riwaya iliyotoka mwaka 1931. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi wamekihesabu kuwa mzaha wa msanii aliyechoka, wakakiweka pembeni ya kazi zake kuu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo haikutosha. Kwanza, yataeleza jinsi maradhi yanavyojenga uhusiano wa mbwa na mwenyewe, na jinsi kupona kunavyouvunja. Pili, yatatazama utabaka unaoufanya uhusiano huo uwezekane. Tatu, yataangalia jinsi kisa hiki kinavyokutana na fasihi ya Kiswahili na lugha yake, ambamo mbwa hana sifa njema.

Historia na usimulizi

Inafaa kutenga kwanza historia na sanaa. Elizabeth Barrett alizaliwa mwaka 1806 na kuanza kuugua akiwa msichana. Mwaka 1838 alipelekwa Torquay, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, kwa ajili ya hewa ya bahari. Mwezi wa Julai 1840 ndugu yake mpenzi, Edward, alikufa maji katika bahari hiyo hiyo, na msiba ukaongeza maradhi. Mwanzoni mwa mwaka 1841 rafiki yake mwandishi, Mary Russell Mitford, alimpelekea zawadi ya mbwa mchanga wa aina ya spanieli. Baadaye mwaka huo huo mgonjwa alirudishwa London, katika nyumba ya baba yake mtaa wa Wimpole, akakaa katika chumba cha nyuma kilichofungwa hewa na mwanga, akitumia dawa ya afyuni kwa kutuliza maumivu na kupata usingizi.

Woolf hakuyafuata yote haya kama yalivyotukia. Katika usimulizi wake mbwa na mgonjwa hukutana London, si Torquay. Hali kadhalika, Flush aliibwa mara tatu na genge la wezi wa mbwa, ilhali katika kitabu wizi ni mmoja. Kuyakusanya matukio hivi si uzembe wa mtafiti. Msanii alihitaji chumba kimoja, kitanda kimoja na jaribio moja kubwa, ili msomaji aone waziwazi kile ambacho historia ilikitawanya katika miaka mingi.

Kitanda kimoja

Sura ya pili ndiyo msingi wa kitabu chote. Flush anatoka mashambani alikozoea kukimbia majanini na kufuata harufu ya sungura, anaingia katika chumba chenye mapazia mazito na harufu ya manukato. Mlango unafungwa. Nje kuna jua na mbwa wengine. Ndani kuna mwanamke asiyeweza kusimama. Mbwa anajifunza kukaa. Huo ni ukweli mdogo, lakini Woolf anaupa uzito wake kamili: maradhi ni ya mmoja, kifungo ni cha wawili.

Mara nyingi uhusiano wa mgonjwa na mnyama husimuliwa kana kwamba mnyama hutoa na mgonjwa hupokea tu. Woolf anaonyesha mapatano yenye faida na hasara kwa pande zote mbili. Mfano mzuri ni ule wa chakula. Baba wa Elizabeth anaamuru kwamba bintiye ale, naye huja kuikagua sahani. Binti hana hamu ya kula, mbwa anayo, na baba anapoingia hukuta sahani tupu akaridhika. Mithali yasema mgonjwa haulizwi uji, na katika nyumba ya Wimpole mgonjwa kweli haulizwi: huamriwa. Hapo mbwa anakuwa mshirika katika uasi mdogo usioonekana, uasi wa pekee ambao mwanamke yule angeweza kuufanya wakati ule. Kwa hiyo mapenzi yao hayaishii katika kubembelezana. Yamejengwa juu ya siri.

Jambo la pili ni mawasiliano. Mwanamke anaishi kwa maneno. Mbwa anaishi kwa harufu. Woolf anajitahidi kuuandika ulimwengu wa pua kwa lugha iliyozoea ulimwengu wa macho, na haoni haya kukiri kwamba maneno yanamwishia. Katika insha yake kuhusu kuugua, iliyochapishwa mwaka 1926, alikuwa amekwisha kushangaa kwamba fasihi imeyapa mapenzi na vita nafasi kubwa ikayanyima maradhi, na kwamba lugha iliyoweza kueleza fikira za wafalme huwa bubu mbele ya kichwa kinachouma. Flush chaweza kusomwa kama jibu la insha ile. Mgonjwa hana maneno ya kueleza maumivu yake; mbwa hana maneno kabisa; na katika ukimya huo wawili hao wanaelewana na kutoelewana kwa kiasi kile kile. Mbwa anamwona bibi yake akilia juu ya karatasi, asijue karatasi ina nini. Bibi anamwona mbwa akitetemeka kwa sauti ya mbali, asijue amesikia nini. Woolf hauzibi ufa huo kwa kumfanya mbwa aseme kama mtu, kama zifanyavyo ngano. Anauacha wazi, na uaminifu huo kwa hali ya mbwa ndio unaokinusuru kitabu na utamu wa bandia.

Kupona

Mwezi wa Mei 1845 Robert Browning aliingia katika chumba kile kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo mgonjwa alianza kupata nguvu, na tangu siku hiyo mbwa alianza kupoteza. Woolf anayaandika haya mawili kuwa jambo moja. Kila dalili ya afya ya bibi ni dalili ya msiba kwa Flush: rangi inarudi usoni kwa sababu ya barua asizoweza kuzisoma, miguu inapata nguvu ya kumwendea mtu asiyempenda. Flush anamwuma mgeni. Anaadhibiwa. Anaikataa mikate mitamu iliyoletwa na adui ikiwa mipya, na hatimaye anaila ikiwa imechacha, ili kuonyesha kwamba amekubali.

Tukio la mikate laonekana kuwa la kuchekesha, lakini ndilo kilele cha maadili ya kitabu. Mbwa anatakiwa aipende afya ya bibi yake kuliko nafasi yake mwenyewe kitandani. Watu wengi waliowahi kumwuguza mzazi au mume kwa miaka wameijua huzuni hiyo ya ajabu inayokuja pamoja na furaha ya kupona: mgonjwa amenyanyuka, na mwuguzi hana tena kazi wala heshima aliyokuwa nayo. Ni huzuni isiyosemeka, maana anayeisema huonekana kuwa alitaka maradhi yaendelee. Woolf alimpata msemaji wa huzuni hiyo katika kiumbe asiyeweza kulaumiwa.

Mwezi wa Septemba 1846 Flush aliibwa kwa mara ya mwisho. Browning alishauri kwamba wezi wasilipwe, kwa hoja kwamba kumlipa mwizi ni kumtia nguvu. Baba naye alikataa. Mgonjwa yule, ambaye kwa miaka alikuwa hatoki chumbani ila kwa nadra, aliingia katika gari la farasi pamoja na mtumishi wake Wilson, akaenda mwenyewe katika mitaa ya wezi kumtafuta mbwa wake. Alikombolewa kwa gini sita, gini moja ikiwa shilingi 21 za Kiingereza. Siku chache baadaye, tarehe 12 Septemba, mwanamke huyo aliolewa kwa siri, na tarehe 19 akaikimbia nyumba ya baba yake kwenda Italia, Flush akiwa pamoja naye.

Mfuatano huo haukubuniwa na Woolf; ni wa historia. Alilolifanya Woolf ni kuuonyesha maana yake. Safari ya kumkomboa mbwa ilikuwa mazoezi ya safari ya kujikomboa. Mwanamke aliyekwisha kumkaidi baba na mchumba kwa ajili ya mbwa alikuwa tayari kumkaidi baba kwa ajili ya nafsi yake. Kwa hiyo si kweli kwamba Browning peke yake ndiye aliyemtoa kitandani. Mbwa naye alimtoa, na alimtoa kwa kupotea.

Italia inawapa wote wawili uhuru, kila mmoja wa kwake. Bibi anatembea, anakunywa mvinyo na kula machungwa. Mbwa anazurura Florence bila mnyororo, ananyolewa manyoya kwa sababu ya viroboto, na pamoja na manyoya anapoteza cheo cha mbwa wa ukoo bora. Mwaka 1849 mtoto anazaliwa, na Flush anasogezwa tena. Uhusiano unaendelea, lakini si ule wa chumba cha nyuma. Kuhusu hili Woolf ni mkweli kuliko washairi wengi wa mapenzi: waliofungwa pamoja wakifunguliwa huachana kidogo, na kuachana huko si usaliti.

Kasoro iko mwishoni. Flush, akiwa mzee, anarudi kutoka sokoni, anaruka kitini kwa bibi yake, na hapo hapo anakufa. Mwandishi anairudisha picha ya nyuso mbili zinazofanana, aliyoiweka siku ya kukutana kwao. Mviringo huo unapendeza, lakini unalifunga haraka swali lililokuwa limeachwa wazi kwa ujasiri. Katika Odyssey mbwa Argos anakufa papo hapo bwana wake anaporejea baada ya miaka 20, na kifo chake kinauma kwa sababu Odysseus hawezi hata kumgusa bila kujifichua. Woolf hakuvumilia ukali kama huo. Alipatanisha pale ambapo kisa kilikuwa hakihitaji upatanisho.

Nani alimlisha mbwa?

Mhakiki wa fasihi hana budi kuuliza pia gharama ya mapenzi haya ililipwa na nani. Mgonjwa asiyeweza kusimama hawezi kumtembeza mbwa. Wilson ndiye aliyefanya kazi hiyo, ndiye aliyefungua madirisha na kusafisha, ndiye aliyeingia katika mitaa ya wezi pamoja na bibi yake, na ndiye aliyevuka bahari pamoja nao akiiacha nchi yake. Katika kitabu, maisha ya ndani ya mbwa yanapewa sura sita. Maisha ya Wilson yanapewa tanbihi. Ni tanbihi ndefu, na ndani yake Woolf anakiri kwamba historia haikuwahifadhi watumishi wa aina yake. Kukiri huko ni kwa heshima, lakini ni tanbihi vile vile. Mwandishi aliyeweza kuwaza fikira za mbwa angaliweza kuwaza za mtumishi.

Sura ya wizi inakwenda mbali zaidi. Hapo Woolf anaonyesha kwamba nyumba za matajiri na vibanda vya mafukara vimetenganishwa na hatua chache tu, na kwamba wizi wa mbwa ni kodi ambayo umaskini unautoza utajiri. Hata hivyo kuna jambo lisilochukua nafasi katika usimulizi wake. Mali ya akina Barrett ilitokana na mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na watumwa Waafrika. Elizabeth mwenyewe alilijua hilo na lilimsumbua. Shairi lake kuhusu mwanamke mtumwa aliyetoroka lilichapishwa huko Marekani na wapinzani wa utumwa mwaka 1848. Msomaji wa Afrika hawezi kuipita gini sita bila kuuliza zilitoka wapi. Fedha za ukombozi wa mbwa zilikuwa na asili yake katika jasho la watu ambao hakuna aliyewakomboa kwa miaka mingi. Kusema hivyo si kuyabatilisha mapenzi ya mgonjwa na mbwa wake. Ni kuyaweka mahali yalipokuwa.

Mbwa katika fasihi ya Kiswahili

Kisa hiki kikiletwa Afrika Mashariki kinakuta mlango umefungwa nusu. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Katika usemi wa kila siku kumwita mtu mbwa ni tusi. Mithali nazo humtazama kwa mbali: mbwa wa msasi mkali naye ni mkali, na mbwa hafi maji akiona ufuko. Ni mbwa wa kazi au wa mashaka, si mbwa wa kitandani.

Ushahidi mzuri umo katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Kisa cha mtawala anayewapiga usiku ndugu zake waliogeuzwa wanyama kinafanana na hadithi ya Alfu Lela Ulela juu ya Abdalla bin Fadhil, lakini katika hadithi ile ndugu wamegeuzwa mbwa, ilhali kwa Shaaban Robert ni manyani. Badiliko hilo laweza kusomwa kama adabu ya msanii aliyeijua hadhira yake: nyani anayekula pamoja na bwana wake huchekesha, mbwa anayefanya hivyo huchukiza.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Katika sura ya 18 ya Kurani, vijana waliolala pangoni wana mbwa wao aliyenyosha miguu kizingitini, naye anahesabiwa pamoja nao. Iko pia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo mbwa anayekesha pamoja na waliolala si mgeni katika utamaduni huu. Alikuwapo tangu zamani, mlangoni.

Katika miji ya Kenya mlango huo una kibao: Mbwa Kali. Kibao hicho ni cha historia ya makazi ya walowezi na matajiri waliowarithi, ambako mbwa hufugwa ndani dhidi ya watu wa nje. Kisarufi nacho kina kosa linalofundisha. Sarufi sanifu yataka mbwa mkali, kwa kuwa kila kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza. Mwandishi wa kibao amemnyima mbwa upatanisho wa wenye uhai; amemfanya kifaa, kama kufuli.

Lugha ya kuuguza

Ni katika sarufi ndipo Kiswahili kina mengi ya kumpa mwenye kutaka kukitafsiri kitabu hiki. Kwanza, Kiingereza humtenga Flush na bibi yake kila wanapotajwa, kwa viwakilishi vya kiume na vya kike. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Alilala, alisikia, aliogopa: yaweza kuwa mbwa, yaweza kuwa mgonjwa. Ufanano ambao Woolf aliutafuta kwa kuzilinganisha nyuso zao, Kiswahili hukileta kwa kiambishi kimoja. Mfasiri atapata taabu ya kuondoa utata. Lakini pale penye kitanda kimoja afadhali auache.

Pili, lugha hii huweka mpaka mahali pengine. Husemwa rafiki yangu, ndugu yangu, jirani yangu, lakini husemwa mbwa wangu. Kimilikishi hutofautisha jamaa na mfugo. Mfasiri atakapofika mahali ambapo mgonjwa anamwita mbwa rafiki, itambidi avuke mpaka huo kwa neno yangu, na msomaji wa Kiswahili atausikia mvuko ambao msomaji wa Kiingereza hausikii.

Tatu ni vitenzi. Kutokana na kuugua hupatikana kuuguza, yaani kumtunza mgonjwa, na kuuguliwa, yaani kupatwa na ugonjwa wa mtu wako. Kitenzi hiki cha mwisho kina hekima kubwa: kinamfanya mzima kuwa ndiye aliyepatwa. Flush aliuguliwa. Hakuna neno moja la Kiingereza linaloeleza hali yake katika chumba cha nyuma kwa usahihi huo. Nacho kitenzi kupona humhusu aliyetokwa na maradhi na pia aliyeokoka hatarini. Mwaka 1846 bibi alipona kitandani na mbwa alipona mikononi mwa wezi. Kwa Kiswahili ni tendo moja, na hoja nzima ya sura ya nne na ya tano imo ndani ya neno hilo.

Hitimisho

Flush si kazi kuu kuliko zote za Virginia Woolf, na mwisho wake una ulegevu. Lakini si mzaha mtupu. Ni uchunguzi wa uhusiano uliozaliwa na maradhi na ukalazimika kuishi baada yake, na kinausema ukweli mmoja ambao fasihi nyingi za mapenzi huuficha: kwamba anayeponya naye huumia mponywa anapoondoka. Kinaonyesha pia, kwa yale kinachoyasema na kwa yale kinachoyaacha, kwamba hata mapenzi ya faraghani hukaa juu ya kazi na mali ya watu wengine. Uhakiki wa Kiswahili hauna sababu ya kukiogopa kwa ajili ya mbwa wake. Flush alikufa mwaka 1854, akazikwa chini ya nyumba ya Casa Guidi mjini Florence. Bibi yake aliishi miaka saba zaidi katika afya ile ya wasiwasi ambayo mbwa alikuwa amemsaidia kuipata. Mithali ilimtambua aliyefaa kwa dhiki. Kumkumbuka wakati wa faraja ni kazi iliyobaki kwa fasihi.